Nyeusi ya konsoli inageuka majivu kwenye tele flat: parametre, kable ao kaboksi, uchague nini?

Kama uko na PS2, Nintendo 64, Mega Drive ao hata PS3 kwa nyumba na unaifunga kwenye tele flat, hii kitu unaijua: mahali pa giza mu muchezo hapabaki giza, panakuwa majivu majivu, sawa vile vumbi ya kiangazi ya Lubumbashi imelala juu ya ekrani. Na bantu wengi pale pale banasema tele ni mubaya, ao konsoli imezeeka. Hapana. Mara mingi konsoli iko nzima na tele iko nzima, ni vile zinaongea njo haziskilizane. Na dawa iko mingi, kuko ya bure kabisa, kuko ya dola kidogo, kuko ya dola 750, na mutu anaweza kumaliza falanga zake kwenye ile ya bei wakati ile ya bure ingetosha, ao akabaki anafinya telekomande usiku muzima wakati shida iko ndani ya kable. Njo maana nataka tuzilinganishe, lakini mbele ya kulinganisha lazima tujue nyeusi yako inapotelea wapi, juu bila hiyo kuchagua ni kubahatisha tu.

Angalia nyeupe mbele ya nyeusi

Bantu banaangaliaka nyeusi tu kwa sababu njo inaudhi, lakini nyeupe njo inasema ukweli. Tafuta mahali mu muchezo penye kuko kivuli cha giza na kitu cheupe pamoja, jezi nyeupe, mawingu, maandishi, na uangalie zote mbili.

Kama nyeusi imepanda kuwa majivu na nyeupe nayo imeshuka, imekuwa nyeupe ya kuchoka, hiyo ni shida ya namba. Mu HDMI kila rangi inapitaka kama namba, kutoka 0 mpaka 255. Sasa upande wa televizyo tangu zamani ulichagua kutumia sehemu ya katikati, nyeusi ni 16, nyeupe ni 235, hiyo njo banaita limited, na upande wa komputa ukachagua kutumia zote, nyeusi 0 na nyeupe 255, hiyo njo full. Konsoli ao kaboksi (kale ka kugeuza signali ya zamani kuwa HDMI) ikituma nyeusi ya 16 kwenye tele yenye inangojea 0, tele inasema hii haiko nyeusi, ni majivu kidogo, na inaionyesha vile vile, na ile 235 inaiona sawa nyeupe yenye haijafika mwisho. Picha inabanwa juu na chini.

Ikigeuka, konsoli inatuma full na tele inangojea limited, nyeusi inakuwa nzito mupaka inameza, kila kitu chini ya 16 kinapotea, unatembea mu nyumba ya giza ndani ya muchezo na adui haumuone mupaka akupige. Kuko bantu banapenda hii ya pili, banasema njo nyeusi ya kweli. Si kweli. Ni picha imekatwa, na mutu mwenye alichora ile vivuli alifanya kazi yenye hauione tena. Mi nasema hii mapema juu wengi banatoka mu shida ya kwanza banaingia mu ya pili na banafikiri bamepona.

Kama nyeusi imepanda lakini nyeupe iko muzuri, haijaguswa, angalia upande wa analogi, ile ya mbele ya HDMI. Kuko historia hapo. NTSC na PAL ni mipango ya zamani ya kutuma picha ya televizyo. NTSC ya Marekani iliweka nyeusi juu kidogo ya sifuri, kwenye 7.5 IRE (kipimo cha nguvu ya signali, nyeupe ni 100), na NTSC ya Japani ikaiweka kwenye 0, na PAL ya Ulaya nayo 0. Konsoli ikituma nyeusi ya 7.5 na kifaa chenye kinaipokea kinafikiri nyeusi ni 0, ile tofauti inabaki mu picha kama majivu, lakini nyeupe ya mwisho inabaki pale pale. Huku kwetu konsoli zinatoka kila upande, ingine ilikuya mu valizi kutoka Ubelgiji, ingine Dubai, ingine Marekani, kwa hiyo mu kartier moja utakuta PAL na NTSC nyumba kwa nyumba, na kable moja inazunguka kwa zote.

Na kama yote inawaka, nyeupe inaungua mupaka mawingu hayana umbo tena, sura za bantu zimekuwa nyeupe sana, na kivuli nacho kimepata mwanga wenye hakikuwe nao, hiyo ni nguvu ya signali, kable haina rezistansi zake. Nitarudia hiyo chini juu iko na utamu wake.

Jaribio la nguzo za pembeni

Hii haina gharama na njo naipenda kuliko zote. Weka tele mu format 4:3, ile ya zamani, picha inakuwa katikati na pembeni kuko nguzo mbili nyeusi, kushoto na kuume. Zile nguzo tele yenyewe njo inazichora, kwa hiyo ile njo nyeusi ya mwisho yenye tele yako inaweza. Kisha fungua muchezo mupaka kwenye ekrani ya kungojea, ile ya loading, kwenye PS2 mingi inakuwaka nyeusi tupu. Zima taa, funga rido, na uangalie mupaka wa nguzo na picha.

Kama hauone mupaka, nyeusi yako iko sawa, usiguse kitu. Kama unaona mupaka mukali, picha ya katikati imewaka kidogo na nguzo iko chini yake, nyeusi inapotea kati ya konsoli na tele. Na kama nguzo zenyewe nazo ni majivu, sawa na picha, basi konsoli haina kosa, ni ekrani ya tele njo haiwezi kushuka zaidi, na hapo hata ununue kaboksi ya dola 750 hautapata nyeusi.

Kama uko na kaboksi muzuri yenye inatoa picha ya 16:9 na inachora nguzo yenyewe, jaribio linakuwa na nguvu zaidi. Nguzo ya kaboksi ni nyeusi lakini muchezo ni majivu, shida iko mbele ya kaboksi, mu kable ao mu konsoli. Nguzo ya kaboksi nayo ni majivu sawa na muchezo, na ukiondoa kaboksi tele inaonyesha nyeusi ya kawaida, shida iko kati ya kaboksi na tele, ni zile namba za 16 na 0. Dakika moja tu na unajua ni upande gani utalipia.

Fanya hii usiku. Muchana, hasa miezi ya jua kali, mwangaza wa dirisha unapiga juu ya ekrani na hakuna nyeusi yenye inaweza kuonekana, utaanza kugeuza parametre juu ya jua.

Parametre ya tele na parametre ya konsoli

Hizi mbili ni za bure kwa hiyo zinakuya kwanza, lakini hazifanye kazi moja.

Mu tele kuko mahali banaitaka Niveau de noir HDMI kwenye Samsung, Niveau de noir kwenye LG, na kwenye ingine utakuta jina lenye kuongelea video range ao gamme ya HDMI. Kwenye Samsung kuko Low, ao Faible kama menu iko mu kifaransa, na Normal. Low inangojea 16 mpaka 235, Normal inangojea 0 mpaka 255. Kwenye LG ni Low na High, maana ni ile ile, High njo full. Haya majina yanachanganya bantu sana juu mutu anaona Low anafikiri inapunguza nyeusi, anaona Normal anafikiri njo ya kawaida, anaacha Normal na picha inabaki majivu. Kama nyeusi na nyeupe zote zimebanwa, weka Low. Kama giza linameza kila kitu, weka Normal ao High. Kuko tena Auto, ambayo inasoma habari yenye konsoli inatuma ndani ya HDMI kusema mi ni full ao mi ni limited, na kwa PS3 inafanyaka kazi, lakini tuboksi twa bei ya chini mara mingi hatusemi kitu ao tunasema uongo, kwa hiyo na tuboksi usiamini Auto.

Ukikuta ile parametre imefifia na haikubali kuguswa, usishangae, kwenye tele mingi inafunguka tu wakati signali ni RGB (nyekundu, kijani na buluu, kila moja peke yake). Kama imefungwa, signali yako ni ya aina ingine na shida yako karibu hakika iko upande wa analogi.

Upande wa konsoli, PS1, PS2, N64, Mega Drive hazina hii kitu, usipoteze wakati kutafuta. Iko kwenye zile za HDMI. PS3, mu parametre ya affichage, iko na RGB Full Range, Limited ao Full. Xbox 360, ile yenye HDMI, na HDMI ilianza kuonekana juu yake 2007, iko na Reference Levels, Standard ao Intermediate ao Expanded. Standard ni 16 mpaka 235, Expanded ni 0 mpaka 255, na Intermediate iko katikati, mi singeiweka kwenye tele hata moja juu hailingani na kitu chochote.

Sasa kati ya kugusa tele na kugusa konsoli, mi nachagua konsoli ibaki limited na tele ibaki Low. Si juu limited ni muzuri kuliko full, kwa macho zinafanana kama pande zote mbili zinakubaliana, ni juu tele ilizaliwa ikingojea limited, na decoder ya chaîne inatuma limited, kwa hiyo siku mutoto atachomoa kable ya konsoli kwenye HDMI 1 aweke kwenye HDMI 2 hakuna kitu kitaharibika. Full inapendeza kwenye ekrani ya komputa. Kosa ni kuchanganya, upande huu full, upande ule limited.

Luminosité njo bantu bengi banakimbilia, na hapa lazima tuelewane. Luminosité kwenye tele mingi si mwanga, ni mahali nyeusi inaanzia. Contraste njo mahali nyeupe inaishia. Mwanga wenyewe ni rétroéclairage. Kama shida yako ni ile ya analogi, nyeusi imepanda peke yake na nyeupe iko sawa, kushusha luminosité ni dawa ya kweli, shusha polepole mupaka nguzo na picha zikutane, kisha simama, usipite. Lakini kama shida ni ya namba, luminosité peke yake haiponyeshe, utashusha nyeusi na nyeupe itabaki chini, picha inakuwa ya huzuni, kila kitu mu kivuli. Na tele mingi zinahifadhi hizi parametre kwa kila prize, ile ya AV peke yake, ya HDMI 1 peke yake, kwa hiyo hauharibu picha ya habari ya jioni juu ya PS2.

Mbele ya kupima kitu chochote zima kontrasti dinamike, zima économie d'énergie, zima ile jicho ya kupima mwanga wa nyumba. Hizo zinageuza nyeusi kila sekonde, unatengeneza leo kesho haiko vile.

Prize ya AV ya tele, ao kaboksi ka AV kwenda HDMI?

Hapa njo bantu wa kwetu banapoteza falanga mingi, si juu kaboksi ni bei, ni juu banakanunua bila haja. Utakaona mu Marché Mzee Kabila na mu maduka ya elektroniki mujini, kaboksi kadogo keupe ao keusi, mbele matundu matatu nyekundu, nyeupe na manjano, nyuma HDMI, pembeni kafinyio ka 720p na 1080p, na kanakula kurant kwa USB ya tele. Kazi yake ni moja, kuchukua signali ya rouge-blanc-jaune na kuigeuza namba. Na kosa lake la kawaida njo hili lenye tunaongelea: kanasoma nyeusi ya analogi vile kanataka, na kanatuma HDMI bila kusema ni full ao limited. Inawezekana ukapata makosa mawili juu ya mengine, nyeusi imepanda mu kusoma, kisha imepanda tena mu kutuma. Tena kanavuta picha ya 4:3 mupaka inajaza ekrani yote, bantu wote banakuwa wanene, na hakana menu ya kurekebisha.

Kama tele yako iko na prize ya AV, ile ya rangi tatu ao ile ya kitundu kimoja kidogo kama cha écouteur chenye kunakuya na kable yake ya kugawanya, funga konsoli pale moja kwa moja mbele ya kununua kaboksi. Tele inasoma analogi kwa njia yake, na luminosité yake inafanya kazi hapo hapo kwenye signali. Ubaya uko: tele mingi zinachukua ile picha ya 240p (mistari 240, yote inachorwa kwa mara moja) ya PS1 ao Mega Drive zinafikiri ni 480i (mistari 480 yenye inakuya nusu nusu), zinaanza kuunganisha mistari yenye haina haja ya kuunganishwa, picha inatetemeka kidogo na manete inachelewa. Lakini kwa nyeusi tu, AV ya tele mara mingi inashinda kaboksi ka bei ya chini, na haina gharama.

Kaboksi chagua tu kama tele haina AV kabisa. Na ukichukua, jaribu 720p na 1080p zote mbili, kisha weka Low, kisha luminosité, kwa mupango huo. Usikubali muuzaji akuambie kenye kuandikwa 4K kanaleta nyeusi muzuri, ile 4K ni ukubwa wa picha, haihusu namba ya nyeusi.

Kwa PS2 kuko adapta ingine, ile fupi yenye inaingia nyuma ya konsoli moja kwa moja na inatoa HDMI. Hii inachukua component (picha imegawanywa mu nyuzi tatu), kwa hiyo rangi ni safi zaidi kuliko ile ya manjano, na ni bora kuliko kaboksi ka AV, lakini lazima uingie mu System Configuration ya PS2 uweke Component Video Out kwa Y Cb/Pb Cr/Pr, si RGB, la sivyo rangi zote zinageuka na utafikiri imekufa. Nyeusi yake bado utairekebisha kwa tele.

Kubadilisha kable

Kuko mawazo kwamba kable ya component ao ya péritel (SCART, ile fishi kubwa ya tele za Ulaya) itarudisha nyeusi. Nasema wazi: kama shida ni ya namba za HDMI, kable ya analogi hata iwe ya dhahabu haitengeneze kitu. Kable muzuri inaleta rangi zenye hazivuje, maandishi yenye unasoma, mistari safi. Hiyo ni kazi kubwa na mi napenda component kwenye PS2 na Wii sana, kwa Wii inakupa na 480p, lakini ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Isipokuwa mara moja: kable ya péritel RGB yenye haina vitu vyake ndani. Hapa njo ile picha yenye inaungua. Signali ya RGB imepangwa kufika kwenye tele na nguvu ya volti 0.7 hivi, na hiyo inapatikana tu kama njia yote iko na ohm 75. Super Nintendo ya PAL inahitaji kable yenye rezistansi ya ohm 75 kwenye kila rangi kwenda masi (uzi wa ground), na Super Nintendo ya Marekani na ya Japani inahitaji kondensatere za mikrofaradi 220 kwenye kila rangi. Kwa macho fishi ni ile ile, inaingia kote kote. Ukiweka kable ya NTSC kwenye konsoli ya PAL, picha inakuya na nguvu kupita, nyeupe inaungua, kivuli kinaoshwa, na hakuna luminosité yenye itarekebisha muzuri juu nyeupe imekatwa tayari mbele ya kufika.

Dawa yake ni ya kupendeza juu ni ndogo sana. Fundi wa radio mu commune ya Kenya ao Katuba, hapa Lubumbashi, mwenye kushika fer à souder kila siku, anafungua kichwa cha péritel, ndani utaona nyuzi tatu za rangi, nyekundu, kijani, buluu, anaunganisha rezistansi moja kutoka kila uzi kwenda masi, tatu tu, anafunga. Mwambie ohm 75 kabisa, na apime na multimetre mbele ya kuchoma juu rangi za mistari midogo kwenye rezistansi zinadanganya jicho lenye limechoka. Ukirudi kwenye muchezo mawingu yana umbo. Kati ya dawa zote mu hii ulinganisho, hii njo falanga yake inarudi haraka kuliko zote, kama tu shida yako ni hiyo.

OSSC ao RetroTINK

Sasa tunaingia mu za bei. Hizi hazipatikane kirahisi huku, utaagiza, itapitia Dar es Salaam ao Durban, ipande mupaka Zambia, ivuke Kasumbalesa, na kila mahali kuko bei yake, kwa hiyo ile bei unaona mu intaneti si ile utalipa.

OSSC ni kaboksi ya kugeuza analogi kuwa HDMI, inachukua péritel, component na VGA. Haichukue rouge-blanc-jaune, hiyo ujue mbele ya kulipa, juu kuko mutu atanunua na konsoli yake iko na kable ya manjano tu. Inazidisha mistari bila kuweka picha mu akiba, kwa hiyo manete haichelewe hata kidogo. Kwa nyeusi iko na kitu chenye tuboksi twa bei ya chini hatuna: menu yenye unaweza kugusa kila rangi peke yake, mahali inaanzia na nguvu yake, nyekundu, kijani, buluu. Nyeusi yenye imepanda unaishusha kwenye mulango, mbele ya picha kufika kwenye tele. Inadai uvumilivu lakini. Kuko tele zenye zinakataa signali yake kabisa, na kwa michezo ya PS2, ambayo mingi ni 480i, picha inatetemeka juu OSSC haiunganishe mistari vizuri.

RetroTINK nazo ni kaboksi za kazi ile ile: RetroTINK-5X Pro ilitoka 2021, RetroTINK-4K ikatoka 2023 na bei ya dola 750. Ya 5X inachukua zote, péritel, component, S-Video na hata ile ya manjano, na 480i ya PS2 inaitengeneza muzuri kabisa, tele mingi zinaikubali. Kwa mutu mwenye PS2 njo konsoli yake kubwa, mi nasema RetroTINK-5X kuliko OSSC bila kusita. Kwa mutu mwenye Mega Drive na Super Nintendo na péritel muzuri tayari, OSSC inatosha na kubaki. Ya 4K, mpaka uwe na tele kubwa ya 4K na hii iwe mapendo yako ya kweli, haina haja kwa shida ya nyeusi peke yake.

Na kama uko na kaboksi ya aina hizi, ao Wii ao Dreamcast yenye inaweza kufungua programu za nje, tafuta 240p Test Suite ya Artemio Urbina, ni ya bure, iko kwa Mega Drive, Super Nintendo, Dreamcast, Wii na zingine. Ndani kuko ekrani ya PLUGE, mistari ya giza sana, kuko yenye iko juu ya nyeusi kidogo tu. Rekebisha mupaka ile ya juu kidogo unaiona kwa shida na ile ya chini imepotea mu nyeusi. Inashinda kupima na muchezo, juu muchezo hauna ahadi kwamba nyeusi yake ni nyeusi.

Njia zingine mbili zenye zinasahaulika

Kama michezo yako ni ya PS1, PS3 okazyo ni dawa kubwa. Modeli zote za PS3 zinasoma CD za PS1 zenye region yake, na inatoa HDMI safi na ile parametre ya Limited na Full. Unakata shida yote ya analogi kwa mara moja. Ikilinganishwa na kaboksi ka AV pamoja na PS1, mi nachagua PS3 bila kufikiri. Kwa PS2 haiko hivyo, ni PS3 chache tu za mwanzo zinasoma CD zake, usidanganywe.

Ingine ni tele ya zamani yenye mugongo. Inaonyesha 240p vile ilivyo, haina namba, haina full wala limited, na nyeusi unaipanga na luminosité tu. Kama kuko moja kwa mjomba yako inakaa bure, ichukue. Angalia kwamba inakubali NTSC kama konsoli ni ya Marekani ao Japani, la sivyo utapata picha bila rangi. Na konsoli ya Japani ni ya volti 100, usiichomeke kwenye kurant ya 220 ya SNEL bila transfo, hapo hakuna nyeusi wala nyeupe tena.

Kama ni ekrani yenyewe

Kama jaribio la nguzo limesema ni tele, shida ni aina ya ekrani. Flat za IPS zina kontrasti (tofauti ya nyeupe na nyeusi) ya karibu 1000 kwa 1, zile za VA zinafika 3000 kwa 1 na kupita, na OLED inazima kila pikseli peke yake, nyeusi yake ni nyeusi kabisa. Kwenye IPS shusha rétroéclairage, si luminosité, na uweke taa ndogo nyuma ya tele, jicho litaona nyeusi kuwa nzito zaidi hata kama haijageuka. Na kama unaenda kununua ingine, chukua clé USB, weka ndani picha moja nyeusi tupu, mwambie muuzaji kwa heshima aifungue kwenye tele mbili zenye unataka, zisimame pembeni kwa pembeni, weka mukono juu ya macho kukata mwangaza wa duka, na utaona ni gani inabaki majivu.